Mstari wa Vizibo

Fomu ililetwa na pikipiki ya bwana ustawi,
karatasi mbili, pini imeshika kutu.
Jina. Umri. Jina la mzazi.
Halafu kisanduku kirefu: Kasoro ya mtoto.
Nikaandika jina: Mfaume Likapa.
Umri: minne, wa tano unapiga hodi.
Kisanduku kirefu nikakiacha kinikodolee macho.

Mimi sikusomea malezi, nisiwadanganye.
Nilikuwa nakaanga vitumbua hapa Newala, stendi,
mpaka msimu ule bei ya korosho ilipopanda
na kina mama wakaingia mashambani kuokota,
wakaniachia wanao, "kwa muda tu, Bi Somoe,"
na muda ukaota mizizi.
Sasa ni watoto ishirini na watatu, mikeka sita,
choo kimoja, maji ya kununua,
na binti yangu Nambuta, aliyekwenda Masasi wiki mbili
kujifunza habari za watoto
wanaoingia duniani kwa mlango wa uani.
Akarudi na neno: usonji.
Neno fupi. Nililitafuna siku tatu.

Mfaume hasemi.
Bibi yake alitaka akakatwe kilimi,
jirani akasema jini, shangazi akasema simu,
mwingine akasema baba mtu aliongea mno,
akamaliza maneno ya ukoo mzima.
Hilo lilinichekesha.
Mama yake hakucheka.

Ana vizibo vya soda, mia moja kumi na viwili.
Nimevihesabu kwa kuwa yeye huvihesabu kwa macho:
kikipungua kimoja, mtaa wote utajua.
Huvipanga kuanzia kizingitini,
vikapita chini ya kamba ya nguo,
vikazunguka mfuniko wa tangi
hadi getini, meno juu.

Mwanzo tulivizoa.
Mungu atusamehe, tulivizoa kwa ufagio
tukaita usafi.

Na mvua, sasa.
Mvua ya kwanza ya Desemba ilipotua kwenye bati
akaingia chini ya meza,
akawa anapiga kichwa kwenye mguu wa meza,
ndu, ndu, ndu,
mpaka nikaweka kiganja changu katikati.
Nambuta akasema: tusimtoe. Tuingie.
Tukaingia; nyonga yangu hii, na meza ile!
Akaziba masikio. Nikaziba masikio.
Nikasikia damu yangu ikisaga
kama mashine ya unga kijiji cha pili.
Zainafu akaingia, Chilumba akaingia,
meza ikabaki kuwafunika vichwa tu.

Siku hizi wingu likijikusanya upande wa Ruvuma
hakuna anayeamrisha:
masikio arobaini na sita yanazibwa.
Juzi kaja mtoto mgeni kutoka Nanyamba,
akauliza kwani huku mvua mnaifanyia hivi.
Chilumba akapaza sauti kulishinda bati:
"Ndiyo! Kwani kwenu mnaisikiliza?"

Mama Mfaume hutoka kubangua saa kumi na moja,
ncha za vidole nyeusi, zimeliwa na mafuta ya ganda.
Kila jioni swali ni lile lile:
"Leo kasema?"
"Bado."
Huitikia kama mtu aliyeambiwa foleni ni ndefu.

Jana hakuuliza.
Alifika getini, akaukuta mstari,
akavua kandambili, akazishika mkononi,
akapandisha khanga kidogo, akavuka.
Nyuma yake mama Zainafu, vivyo hivyo.
Hata kijana wa bodaboda
alizima, akaikokota kandokando ya ukuta
akijiinamia kama anayepita mbele ya wakwe.
Mfaume hakumtazama mtu.
Alitazama vizibo.
Vyote vilikuwapo.

Usiku, kwa taa ya sola, nikairudia fomu.
Kasoro ya mtoto.
Neno la mwisho nikalikata kwa rula, nikaandika:
Bati halina dari. Mvua inapiga moja kwa moja.
Tunaomba jipsamu, au mikeka mikuukuu, chochote.
Na mwenye pikipiki akija kuchukua jibu
azime injini huko huko barabarani,
aangalie anapokanyaga.